Homa ya Watoto na Habari Zilizomo Katika Damu



Ndugu zetu wasomaji, imetufikia barua ya dada yetu mmoja, mama wa watoto wanne, naye atuuliza maswali matatu ambayo tumeona hayafai kujibiwa kwa mistari miwili mitatu kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. La kwanza, asema kwamba wanawe wawili hulala kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja, wakapatwa na homa ya malaria katika juma moja. Mmoja aliumwa siku mbili, akaondoka akaenda kucheza. Wa pili akashikwa na degedege usiku, akazimia, na lau si rehema ya Mwenyezi Mungu angalikufa. Auliza: Kwa sababu gani mbu ni wale wale na homa ni ile ile, na mambo yakawa mbali mbali namna hiyo? La pili, amesikia katika redio kwamba matabibu wanatafuta alama katika damu za watoto ili wapate kutabiri ni mtoto yupi ambaye homa yake itageuka kuwa kali. Ana hofu kwamba kutabiri huko ni katika mambo ya ghaibu, kama ramli na nyota, ambayo dini yetu imeyaharimisha. La tatu ni dogo, nalo ni la saumu. Tutalijibu mwishoni inshallah.

Twamshukuru dada yetu kwa maswali yake, na twamwambia kwamba swali lake la kwanza si la mama mmoja tu. Matabibu wakubwa wa ulimwengu wamelishughulikia miaka mingi, na hata leo hawajalimaliza.

Homa hii huletwa na kijidudu kidogo mno ambacho tabibu Mfaransa, Laveran, alikiona katika damu ya mgonjwa huko Aljeria mwaka 1880, na mwaka 1897 tabibu wa Kiingereza, Ross, aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, akathibitisha kwamba wachukuzi wake ni mbu. Hayo watoto wetu huyasoma shuleni. Lililo zito ni kwamba katika mwaka 2023 peke yake, kwa hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu, malaria iliua watu wapatao 597,000, na takriban 95 katika kila mia ya hao walikufa katika bara letu la Afrika. Katika waliokufa Afrika, robo tatu walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Lakini walioshikwa na homa hiyo mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni 260. Kwa hiyo wengi mno huugua wakapona, na wachache huangamia, na kazi yote ni kumjua yule mmoja miongoni mwa wengi kabla hajaanguka.

Sasa kwa nini ndugu wawili watofautiane? Sababu si moja. Miongoni mwake iko ya urithi, nayo ilianza kujulikana huku huku kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alitangaza kwamba watu wa Afrika Mashariki waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hawashikwi sana na malaria kama wenzao. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mtoto wa namna hiyo hukingwa na malaria kali kwa kiasi kikubwa mno, karibu sehemu tisa katika kumi. Ama mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama, huyo ni mgonjwa, na malaria ikimpata humdhuru vibaya. Wazazi wenye mtoto kama huyo wasighafilike hata siku moja. Basi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kulala kitanda kimoja na katika damu zao wakawa na silaha zisizofanana. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa wana wa dada yetu, kwani hatujui. Lakini ni katika mambo yanayowezekana. Kadhalika mtoto aliyekwisha kuugua mara kadhaa mwili wake huwa umejifunza kupigana, na mdogo wake bado.

Wengine watasema: Bila shaka aliyezidiwa ni yule aliyekuwa na vijidudu vingi zaidi. Sisi nasi tulidhani hivyo. Lakini huko Muheza, katika Mkoa wa Tanga, watafiti waliwafuata watoto 882 tangu kuzaliwa kwao, wakawa wakipima damu zao mara kwa mara, na habari zao zikachapishwa mwaka 2014. Katika hao, 102 walipatwa na malaria kali. Wakati wa ugonjwa mkali vijidudu vilikuwa vingi, ni kweli. Lakini walipotazama daftari zao wakaona kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao hao waliwahi, kabla ya siku hiyo au baada yake, kuwa na vijidudu vingi sana katika damu, wala wasizidiwe. Basi kuhesabu vijidudu kwa hadubini kunafaa, lakini hakutoshi kumjulisha tabibu ni nani aliye katika hatari.

Na hapa pana ajabu ambayo kila mzazi aijue. Kijidudu cha aina iliyo kali, wanayoiita falsiparamu, kikikomaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, chembe ile hugeuka ikawa yanata. Badala ya kuendelea na safari yake ndani ya mishipa, hujibandika katika kuta za mishipa midogo kabisa, ya ubongo, ya figo, ya matumbo. Zikijibandika nyingi, mishipa ile huzibika. Mwenye kutazama tone la damu lililotolewa kidoleni huwaona wale tu wanaozunguka. Mfano wake ni mtu aliyesimama forodhani akahesabu majahazi yaliyo mbele ya macho yake, akasema leo yako matano, na huku nyuma, ndani ya vijito vya mikoko, yametia nanga hamsini asiyoyaona.

Ndipo wataalamu wakatafuta njia ya kuyahesabu yaliyojificha. Kijidudu hutoa protini yake iitwayo HRP2, na chembe inapopasuka protini hiyo humwagika katika maji ya damu, hata ikiwa chembe yenyewe ilikuwa imejificha ubongoni. Basi kwa kupima kiasi cha protini hiyo hukisiwa jumla ya vijidudu, walioonekana na wasioonekana. Njia hii ilielezwa mwaka 2005 kwa wagonjwa wa Thailand, na mwaka 2012 ikaonekana kwa watoto wa Kiafrika kwamba wenye protini hiyo kwa wingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Protini hii ndiyo ile ile inayotafutwa na kile kipimo cha haraka cha zahanati, chenye mistari miwili. Ila kipimo kile husema ndiyo au la. Hakisemi kiasi gani. Wengi hawalijui hili, nao wakiona mistari miwili hudhani wameambiwa yote.

Wengine wametafuta alama si katika kijidudu bali katika mwili wa mtoto mwenyewe. Kuta za mishipa zikiudhika hutoa kitu kiitwacho angiopoyetini, na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zikipigana kwa ghadhabu huacha mabaki yake katika damu. Huko Jinja, Uganda, wataalamu wa Uganda na wenzao wa Kanada walipima damu za watoto wapatao 2,500 waliokuja hospitali na homa za kila namna, wakatangaza mwaka 2021 kwamba alama moja ya chembe nyeupe, iitwayo sTREM-1, iliweza kuwabagua walio katika hatari ya kufa kuliko alama nyingine walizozilinganisha nayo. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu: vipimo vya namna hii havijawa vya kawaida katika zahanati zetu, na mzazi asiende akamgombeza mganga wa zahanati kwa kukosa kitu ambacho hajaletewa.

Vilivyopo, au vinavyopasa kuwapo, ni vitatu. Cha kwanza ni wekundu wa damu, wanaouita himoglobini. Mtoto aliyepungukiwa sana huhitaji kutiwa damu ya mtu mwingine, na saa hizo si za kungojea shauri la ukoo. Cha pili ni sukari. Mtoto mwenye malaria kali huweza kuishiwa sukari katika damu yake hata ubongo ukazimika kama taa iliyokwisha mafuta, na kipimo chake ni kile kile kidogo wanachotumia wenye maradhi ya kisukari. Cha tatu ni asidi iitwayo lakteti. Mishipa ikizibika, nyama za mwili hukosa hewa, zikachoma sukari kwa njia isiyo kamili, na asidi ikajaa katika damu. Tangu mwaka 1994 ilibainishwa huko Gambia kwamba watoto wenye asidi nyingi na sukari kidogo ndio waliokuwa karibu na mauti.

Sasa twaomba mtusikilize sana, kwa sababu hapa damu huanza kusema kwa ulimi ambao hata mama asiyejua kusoma aweza kuufahamu. Mtoto ambaye damu yake imejaa asidi mwili wake hujaribu kuitoa kwa pumzi. Kwa hiyo huvuta pumzi ndefu, nzito, kifua kikiingia na kutoka, na hali mapafu yake hayana kitu. Mtoto ambaye sukari imemwishia au mishipa ya ubongo imezibika husinzia, haitiki jina lake, hamtambui mama yake, hawezi kunyonya wala kukaa. Mtoto ambaye wekundu wa damu umekwisha viganja vyake na ndani ya kope zake huwa vyeupe kama karatasi. Hizi ni alama za damu zilizotoka nje.

Matabibu wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, waliwachunguza watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na mwaka 1995 wakatoa habari zao. Watoto 64 walikufa. Katika hao 64, watoto 54 walikuwa na moja ya alama mbili au zote mbili: fahamu zimepungua, au pumzi imekuwa nzito. Na wengi mno katika waliokufa, 84 katika kila mia, walikufa kabla hazijatimia saa 24 tangu kuingia hospitali. Tuliposoma hesabu hii ya mwisho tuliiweka karatasi chini. Maana yake ni kwamba watoto wale walifikishwa mlangoni hali saa zao zimekwisha kutumika kwingineko, na sisi tunajua ni wapi.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo tumelinyamazia muda mrefu. Mwaka 2019, wakati wa masika, baada ya sala ya Isha, baba wa mwanafunzi wetu mmoja alikuja kutugongea mlango. Mtoto alikuwa na miaka sita, mwepesi wa kushika, amekwisha hifadhi kutoka Annas hata Adh-Dhuha, na katika chuo hapakuwa na rika lake aliyemshinda. Baba akasema: "Maalim, mtoto ana homa tangu juzi, na sasa degedege limempiga mara mbili. Mama yake na bibi yake wasema tusimpeleke kwa sindano, maana mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi."

Sisi tulikuwa tukijua kwamba neno hilo la sindano si kweli. Tulikuwa tumekwisha kulisikia likikanushwa zaidi ya mara moja. Lakini usiku ulikuwa mkubwa, mvua ilikuwa ikinyesha, na mtu aliyekuja kwetu alikuja kwa heshima, nasi tukapenda kuwa watu wa msaada. Tukatoa sahani, tukachukua zafarani na marashi, tukaandika kombe. Tukamwambia amnyweshe kwa kijiko kidogo kidogo, na kukipambazuka ampeleke hospitali. Akatushukuru akaenda zake.

Kukipambazuka mtoto hakuwa na fahamu. Walimbeba kwa pikipiki hata zahanati, wakapima, mistari miwili. Wakapelekwa mbele, hospitali kubwa. Huko wakamchoma kidole wakaona sukari imeanguka. Wakamtia maji ya sukari mshipani, wakamchoma ile sindano iliyoogopwa. Alilala bila fahamu siku mbili, ya tatu akafungua macho.

Yu hai, alhamdulillah. Amekuwa mrefu, mguu wake wa kushoto huuburura kidogo akichoka. Lakini aya anayoisoma baada ya Alfajiri, ikifika Adhuhuri haimo tena, na wadogo zake wamempita. Matabibu wa Kampala waliandika mwaka 2008 kwamba katika watoto waliopona malaria iliyopanda ubongoni, mmoja katika kila wanne alibaki na upungufu wa akili hata baada ya miaka miwili. Hatuwezi kuapa kwamba lau angalipelekwa usiku ule asingalikuwa katika huyo mmoja. Wala hatuwezi kuapa kinyume chake. Baba yake hajatuambia neno. Kila Ijumaa hutupa mkono, naye mtoto hukaa safu ya mbele kwa sababu sisi wenyewe tumemweka hapo.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwa matabibu jambo jingine ambalo hatukulijua, nalo twawaambia walimu wenzetu wote waandikao makombe. Mtoto aliyezimia au anayetapatapa kwa degedege hafai kutiwa kitu chochote mdomoni, si maji, si dawa, si kombe. Hawezi kumeza, na kile alichotiwa huingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu, apunguziwe nguo, na safari ianze. Anayetaka kumsomea amsomee njiani, ndani ya gari au juu ya pikipiki. Maalim akifuatana nao mpaka hospitali huku akisoma, huyo ametimiza haki zote mbili.

Ama hilo neno la sindano, laeleweka lilikotokea. Watu waliwaona watoto wakipelekwa hospitali siku ya tatu, baada ya kufukizwa kinyesi cha tembo na kuzungushwa kwa waganga wawili watatu, wakachomwa sindano, wakafa. Wakaiona sindano, hawakuzihesabu siku. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali. Wengine walichomwa kwinini, dawa ya zamani, na wengine artesunati, dawa mpya. Katika waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila mia. Katika waliopewa artesunati walikufa kama 8 na nusu. Sindano hiyo ya pili ndiyo inayotumika leo. Katika mia waliochomwa walipona zaidi ya tisini, nao walikuwa ni wale waliozidiwa.

Twarudi katika swali la pili la dada yetu, la kutabiri. Twafahamu hofu yake, na hofu hiyo ni ya imani njema. Ajali ya kila nafsi iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na mwenye kudai kuijua ni mwongo. Lakini tabibu anayepima asidi katika damu ya mtoto hadai kuijua ajali. Asema hivi: katika watoto mia walioletwa kwangu na alama hii, wengi walizidiwa, basi huyu nimweke karibu na macho yangu. Nahodha anayeona wingu jeusi upande wa kusi akashusha tanga hakupiga ramli, amesoma alama ambayo Muumba ameiweka wazi kwa kila mwenye kutazama. Mpiga ramli hutoa habari pasipo sababu, wala hakubali kusahihishwa. Tabibu huonyesha sababu yake, na akikosea wenzake humwambia.

Na hukosea kweli. Huko Blantyre, Malawi, tabibu Terrie Taylor na wenzake waliwachunguza, kwa idhini ya wazazi, watoto 31 waliokufa na ambao wote walidhaniwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo. Mwaka 2004 wakatangaza kwamba saba kati yao walikufa kwa sababu nyingine kabisa, ingawa vijidudu vya malaria vilikuwamo katika damu zao. Watoto saba walitibiwa maradhi yasiyowaua, na yaliyowaua hayakuonekana. Ndiyo maana wanahangaika kutafuta alama zilizo bora zaidi. Mtu anayekiri kosa lake mbele ya ulimwengu ili asilirudie, sisi hatuwezi kumweka fungu moja na kuhani.

Wako pia wanaosema kwamba kuyakimbilia maradhi kwa vipimo ni kukosa kuridhika na kadari. Hao tutawakumbusha Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akielekea Sham akaambiwa njiani kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na watu, akaamua kurudi. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anaitoka kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Naye hakuwa mtu dhaifu wa imani.

Jambo jingine dada yetu hakuliuliza, lakini twalisikia barazani. Husemwa kwamba damu hizi za watoto zinauzwa. Sisi tuliokulia pwani tumeogopeshwa mumiani tangu hatujajua kuvaa kanzu, na khofu ya utotoni haitoki upesi. Mtoto wa kilo kumi ana damu takriban mililita 800 mwilini mwake. Kinachochukuliwa kwa kupimwa aghalabu hakizidi kijiko kimoja cha chai, yaani mililita tano, na pengine ni tone la kidoleni tu. Mwili hukirudisha kiasi hicho. Hata hivyo si haki kumcheka mzazi anayeuliza. Ikiwa damu yatakiwa kwa utafiti na si kwa matibabu ya mtoto huyo peke yake, sharti aulizwe kwanza, kwa lugha anayoifahamu, aelezwe ni ya nini na itawekwa wapi. Akikataa, mtoto wake atatibiwa vile vile kama wenziwe. Mtafiti asiyefanya hivyo amekosa, na mzazi ana ruhusa ya kusema la. Lakini asikatae kipimo cha tabibu anayetaka kumtibu mwanawe usiku ule. Mambo haya mawili watu wengi huyachanganya.

Limebaki la saumu. Dada yetu asema kwamba mtoto wake alipolazwa ulikuwa mchana wa Ramadhani, akatakiwa atoe damu yake ili mtoto atiwe, naye akaogopa kwamba saumu itabatilika, akangoja mpaka magharibi. Jawabu ni kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kutolewa damu hakubatilishi saumu, kidogo kwa kupimwa au kingi kwa kumpa mgonjwa, na wanachuoni walio wengi wanafuata kauli hiyo katika suala la kuumikwa. Kinachochukiza ni kujidhoofisha bila dharura, na hiyo yake ilikuwa dharura. Akiona baada ya kutoa damu kwamba nguvu zimemwishia na akahofia kudhurika, atafungua na atalipa siku moja baada ya Ramadhani. Hakuwa na haja ya kungoja magharibi.

Wa billahi tawfiiq.